Sakafu ya gereji inatoa vumbi na rangi imebanduka: nipake epoksi, niweke vigae, au nitandike mpira?

Swali: "Nina gereji ya nyumbani hapa Nyamasaria, Kisumu, upana mita 3.5 na urefu mita 6. Sakafu ni ya simiti, ilipigwa miaka sita iliyopita, na hata nifagie vipi vumbi haliishi. Wikendi natengeneza pikipiki, nachomelea mageti na madirisha, na nina benchi la useremala kando ya ukuta. Mwaka jana nilipaka rangi nyekundu ya sakafu. Mvua za Mei zilipoisha ilikuwa imeanza kubanduka, na karibu na ukuta wa nyuma kunatoka unga mweupe kama chumvi. Jirani ananiambia nimwage oili chafu vumbi litulie. Fundi mmoja anasema epoksi, mwingine vigae, mwingine mpira. Pesa yangu inatosha kufanya jambo moja, na sitaki kulirudia. Nifanye lipi?"

Jibu: Usinunue epoksi, ile rangi ngumu ya kuchanganya makopo mawili, bado, na vigae viache kabisa. Huo unga mweupe ulioutaja katikati ndio ulipaswa kuwa mwanzo wa swali. Unaonyesha kwamba maji yanapanda kutoka chini ya sakafu yako, na mpaka ujue yanapanda kwa kiasi gani, chochote utakachokigandisha juu ya simiti hiyo kiko hatarini kubanduka kama rangi ilivyobanduka. Wale mafundi watatu wamekujibu kuhusu kitu cha kuweka juu, ilhali sakafu za gereji huharibika kuanzia chini.

Tuanze na maji. Simiti ikishakauka huonekana ngumu na imefungika, lakini ndani ina vitundu vidogo sana vilivyounganika, na maji ya ardhini hupanda kupitia humo. Nyamasaria iko kwenye tambarare za Kano, kwenye udongo mweusi wa pamba unaoshika maji kwa wiki nyingi baada ya mvua kukatika. Kwa kawaida fundi hutandika karatasi ya nailoni nene, geji 1000, chini ya zege ili kuyazuia maji hayo. Nyumba nyingi hazikuwekewa, au iliwekwa ikatobolewa na mawe siku ya kumwaga zege. Maji yakipanda huja na chumvi iliyoyeyuka. Yakifika juu yanageuka mvuke na kwenda zake, na chumvi inabaki. Huo ndio unga wako mweupe. Unaonekana zaidi kwenye ukuta wa nyuma, na mara nyingi sababu ni maji ya paa yanayoanguka nyuma ya nyumba na kukosa pa kwenda.

Rangi yako nayo iliharibika kwa njia inayoeleweka. Rangi nyingi nyekundu za sakafu madukani hutengenezwa kwa mafuta, na simiti mbichi au yenye unyevu ina alkali kali. Alkali ikikutana na mafuta ya rangi, zikiwa na maji, hutokea kitu kilekile kinachotokea kwenye sufuria ya mtengeneza sabuni: mafuta yanageuka sabuni. Rangi inalainika upande wa chini, inakuwa tepetepe, kisha inainuka vipande vipande. Hata ungeipaka mara tatu isingeshika. Usijilaumu kwa jinsi ulivyoipaka kabla hujapima unyevu.

Vumbi ni tatizo jingine kabisa, na watu wengi hulichanganya na hilo la kwanza. Sakafu hutoa vumbi kwa sababu ngozi yake ya juu ni dhaifu. Fundi akiongeza maji kwenye mchanganyiko ili skridi, lile tabaka la kumalizia juu ya zege, itandazike kwa urahisi, mawe na mchanga huzama na maji hupanda juu yakibeba simiti laini. Akinyunyiza simiti kavu juu ya maji hayo apate kumaliza niru, yaani kulainisha uso wa sakafu, haraka, anazidisha ubaya. Halafu sakafu ikiachwa bila kumwagiwa maji siku saba, juani Kisumu, simiti ya juu inakauka kabla haijakomaa. Matokeo yake ni tabaka jembamba linalosagika chini ya kiatu. Kwa kipimo, mfuko wa kilo 50 unahitaji takribani lita 25 za maji, ukihesabu na yale yaliyomo kwenye mchanga uliolowa. Ukimwona fundi anamwagia kwa ndoo bila kupima, mwambie asimame kwanza.

Kuhusu oili chafu ya jirani: tafadhali usimwage. Ni kweli vumbi litatulia kwa siku kadhaa, lakini oili inaingia ndani ya vitundu vya simiti na haitoki yote tena. Siku utakapotaka kupaka chochote, hakitashika hapo. Sakafu itateleza, itashika moto kirahisi cheche zikianguka, na mvua ikiingia chini ya mlango itaibeba mpaka mtaroni, na kutoka mtaroni mpaka ziwani.

Sasa vipimo. Vinne, vyote vya nyumbani, na visikuchoshe, kwa maana ndivyo vitakavyokuamulia.

Chukua msumari wa inchi nne ukwaruze sakafu kwa nguvu ya kawaida ya mkono, mahali pasipo na rangi. Ukiacha alama nyeupe tu, simiti iko imara. Ukichimba mfereji wa milimita moja au zaidi na mchanga ukatoka, ngozi ya juu imeoza. Endelea kukwaruza palepale: ukifika pagumu baada ya milimita mbili tatu, tatizo ni la juu na linatibika. Ukiendelea kuchimba tu, skridi nzima ni dhaifu.

Kisha gonga sakafu nzima kwa nyundo ndogo, kila nusu mita. Mlio mkavu na mkali ni mzuri. Mlio wa debe tupu maana yake skridi imeachana na zege la chini. Zungushia chaki kila mahali penye mlio huo.

Kipimo cha tatu ni cha mafuta. Dondosha matone ya maji sehemu mbalimbali, hasa unapowekea pikipiki. Yakinywewa ndani ya dakika moja hivi, simiti iko wazi. Yakibaki yamejikusanya juu, hapo kuna oili au mabaki ya rangi.

Cha nne ndicho kikubwa. Kata vipande vitatu vya nailoni angavu, kila kimoja sentimita 45 kwa 45. Fagia sakafu, toa vumbi kabisa, kisha vibandike kwa tepu pana pande zote nne bila kuacha upenyo: kimoja karibu na mlango, kimoja katikati, kimoja karibu na ukuta wa nyuma. Visipigwe na jua. Viache saa 16 kwa uchache, ikiwezekana usiku mbili. Ukivibandua, tazama upande wa chini wa nailoni na simiti yenyewe. Matone upande wa chini, au simiti iliyoiva rangi kuwa nyeusi kuliko jirani yake, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Ukikuta matone upande wa juu wa nailoni na chini ni kukavu, hayo ni jasho la hewa: hewa yenye unyevu wa ziwa imekutana na sakafu baridi. Dawa yake ni madirisha na matundu ya hewa, hakuna haja ya kupaka kitu.

Wakati wa kupima una uzito wake. Ukipima Januari au Februari, udongo ukiwa umekauka, nailoni inaweza kukuambia sakafu ni kavu, nawe ukapaka epoksi ya bei ghali, kisha masika yakaja kuiinua yote. Pima mvua za Machi hadi Mei zikiwa zimekolea. Kama huwezi kusubiri, chukulia kwamba ukuta wa nyuma umeshakujibu.

Nikizungumzia epoksi, sina ubaya nayo. Sakafu ikiwa kavu chini na ngumu juu, epoksi ya sehemu mbili, ile inayokuja na kopo la gundi na kopo la kigumishi, ndiyo bora kwa oili, petroli na usafi. Lakini inafunga sakafu kabisa. Mvuke unaopanda unanaswa chini yake, unasukuma, na matokeo ni malengelenge yenye maji yanayonata. Inahitaji simiti iliyokwaruzwa mpaka ikawa kama msasa wa kati, kazi ya grainda yenye kikombe cha almasi. Kuosha kwa sabuni peke yake hakutoshi. Kuna wanaotumia asidi ya kusafishia mawe badala ya grainda. Mimi nisingeishauri nyumbani: haiingii penye oili, inaacha chumvi nyingine juu ya simiti, mvuke wake unaunguza mapafu na kushikisha kutu zana zako zote, na ikikutana na dawa ya kung'arishia nguo hutoa gesi ya klorini.

Hesabu yake pia huwa inafichwa. Lita moja ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba inatoa unene wa milimita moja. Gereji yako ni mita 21 za mraba, hivyo ukitaka unene wa milimita 0.3, ambao ndio wa chini kwa mahali panapoanguka spana, unahitaji lita 6.3 za epoksi isiyo na maji wala kiyeyushi ndani yake. Kama kopo linasema yabisi ni asilimia 50, nusu ya unachopaka kitapotea hewani, na utahitaji lita 12.6. Mtu akikuuzia lita nne na kukuambia zitatosha gereji nzima kwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, anakuuzia rangi nyembamba. Muulize pia kama ni sehemu mbili. Kuna makopo yameandikwa epoksi kwa maandishi makubwa na ndani ni rangi ya kawaida.

Kwa atakayeipaka baada ya vipimo kumruhusu: changanya kwa uwiano ulioandikwa, na ujue kama ni uwiano wa uzito au wa ujazo, kwa maana havibadilishani. Koroga dakika tatu kwa drili ya mwendo wa polepole ukikwangua kuta za ndoo, kisha mimina yote sakafuni papo hapo kwa mstari na uisambaze kwa rola. Ikibaki kwenye ndoo inajipasha moto yenyewe, na kwa joto la Kisumu inaweza kuganda ndani ya dakika 20 hadi 40. Usipake mvua ikinyemelea: unyevu wa hewa ukitua juu ya epoksi isiyokomaa huacha utando mweupe unaonata, na mkono wa pili hautashika juu yake. Usipake pia wakati sakafu inazidi kupata joto, kwani hewa iliyo kwenye vitundu vya simiti inatanuka na kutoboa rangi. Nyunyiza mchanga safi mkavu kwenye mkono wa kwanza ili kusiteleze. Kutembea ni baada ya siku moja, gari baada ya siku saba. Walioko Nakuru wazingatie baridi: usiku wa Juni na Julai kule juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, epoksi za kawaida hukomaa polepole sana, na chini ya nyuzi 10 nyingi hazikomai vizuri.

Lakini hata sakafu yako ingekuwa kavu, bado una kuchomelea. Cheche za welding huunguza epoksi, zikaacha mashimo meusi na moshi usiofaa kuvutwa. Hilo ndilo linaloniondoa zaidi kwenye wazo la kufunika gereji nzima kwa kitu kimoja. Kazi zako tatu zinataka sakafu tatu tofauti.

Vigae nitavimaliza haraka. Kigae cha kawaida chenye mng'ao hupasuka nyundo ikianguka, hasa pale ambapo fundi aliweka gundi kwa madonge na kuacha utupu chini. Mguu wa jeki hukandamiza uzito mkubwa kwenye eneo dogo mno na kufanya vilevile. Kikilowa oili kinateleza, na udongo mweusi ukivimba viungo vinaachana. Vigae vizito vya poselini, vya milimita 10 na zaidi, vilivyojazwa gundi chini kote, huweza kustahimili, lakini kwa gharama hiyo ungemwaga sakafu mpya.

Vigae vya plastiki vya PVC vinavyoshikana kwa meno ni vizuri kwa anayeegesha gari tu. Kwako hapana: cheche zitaviyeyusha, na PVC ikiungua hutoa mvuke wenye asidi.

Mpira unafaa, ila si kila mpira na si kila mahali. Mpira wa kawaida hunyonya oili, ukavimba na kulainika. Unaohimili oili huitwa nitraili. Muulize muuzaji kwa jina hilo. Kipande cha mkanda wa konveya uliotumika, wa milimita 8 au 10, ukikipata kwa wauza vyuma chakavu, kinadumu sana hata kama si nitraili, mradi usikiache kwenye dimbwi la oili. Usigundishe mpira sakafuni. Uweke mbele ya benchi tu, tuseme sentimita 90 kwa mita mbili, ambapo miguu inasimama saa nyingi na ambapo patasi ikianguka makali yake yanahitaji kuokolewa. Uinue kila wiki, chini yake pakauke. Zile zulia nyepesi za povu ni za kuchezea watoto. Kiyeyushi kinazila na cheche inaziwasha.

Basi nini kinafaa kwenye sakafu inayopumua, inayotoa vumbi, na yenye moto juu yake? Kwa hali uliyoieleza, mimi ningeiacha simiti iwe wazi lakini niigumishe. Kuna kemikali iitwayo sodiamu siliketi, kimiminika kizito ambacho watengeneza sabuni hutumia, na hupatikana kwenye maduka ya kemikali za sabuni. Ikiingia kwenye simiti hukutana na chokaa huru iliyobaki ndani, na mbili hizo huunda kitu kilekile kinachoifanya simiti kuwa ngumu. Vitundu vya juu vinajazwa, ngozi inakaza, vumbi linakoma au linapungua sana. Na kwa kuwa si utando uliolala juu, hakuna cha kubanduka: mvuke unaendelea kupita. Haiungui. Ni rahisi kuliko njia nyingine zote nilizozitaja.

Ina mipaka yake, nayo uijue. Haizuii maji kupanda, kwa hiyo unga mweupe utaendelea kuonekana msimu wa mvua na utaufagia. Haizuii oili kabisa, bali inaichelewesha ili upate nafasi ya kufuta. Na haifufui skridi iliyooza mpaka ndani.

Utaratibu wake ni huu. Ondoa kwanza rangi nyekundu yote iliyobaki, maana siliketi haipiti kwenye rangi. Kwangua iliyolegea, kisha pitisha grainda yenye kikombe cha almasi sakafu nzima, hata pasipo na rangi. Ngozi ya juu ya simiti ya miaka sita imeshakutana na hewa na chokaa yake imepungua nguvu, kwa hiyo ukiifungua siliketi hupata cha kushikana nacho. Vumbi la kazi hii ni hatari kweli kweli. Lina silika inayoharibu mapafu bila kurudi nyuma, na kitambaa puani hakizuii kitu. Vaa barakoa ya vumbi ya kiwango cha FFP3, fungua milango, na kama una vakyumu ya kazi iunganishe na grainda.

Penye oili, funika kwa vumbi la mbao siku nzima, fagia, kisha sugua kwa brashi ngumu na maji moto yenye sabuni ya unga, suuza, na urudie mpaka tone la maji linywewe. Sehemu iliyolowa kwa miaka inaweza kukataa. Usishangae ikibaki doa. Acha sakafu ikauke siku mbili au tatu.

Changanya siliketi sehemu moja na maji sehemu nne. Lita moja ya mchanganyiko hutosha takribani mita tano za mraba, hivyo mkono mmoja kwako ni lita nne na kidogo. Mimina kidogo kidogo na usambaze kwa ufagio laini, ukiiweka sakafu imelowa kwa dakika 20 au 30. Inaponyonya haraka, ongeza. Inapobaki madimbwi, yaondoe, la sivyo yatakauka kuwa gamba jeupe la kioo ambalo ni kazi kuling'oa. Kesho yake osha kwa maji na brashi, acha ikauke, paka mkono wa pili kwa kipimo kilekile. Mkono wa tatu tumia sehemu moja kwa tatu. Kwa mikono yote mitatu utatumia chini kidogo ya lita tatu za siliketi yenyewe; nunua tatu. Vaa glavu na miwani kwa kuwa ni alkali kali. Toa pikipiki nje kabla hujaanza na funika vioo vya dirisha: matone yake yakikauka kwenye kioo au kwenye rimu ya alumini huacha alama isiyofutika.

Fedha itakayobaki igawe kwenye mambo mawili. La kwanza ni maji ya nje, na lisipofanyika mengine yote yanapungua thamani. Weka gata nyuma ya nyumba na yapeleke maji ya paa mbali na ukuta, chimba mtaro, na hakikisha ardhi ya nje iko chini ya uso wa sakafu kwa sentimita 15 hivi na inainamia upande wa mbali. Kama kuna mikaratusi karibu na ukuta huo, ujue inakausha udongo kiangazi na kuufanya unywee, kisha mvua ikija unavimba. Hilo ndilo hupasua sakafu nyingi za Kano. Wasomaji wa Kakamega na Bungoma, ambako mvua ni nyingi zaidi na viwanja vingi viko kwenye mteremko, mtaro wa upande wa juu wa nyumba ufanyeni kabla hamjaigusa sakafu.

La pili ni kona ya kuchomelea. Chuma kikichomelewa au kukatwa kwa moto moja kwa moja juu ya simiti yenye unyevu, maji ya ndani hugeuka mvuke ghafla na simiti huruka vipande vikali. Nunua nusu shiti ya bamba la chuma la milimita 3, futi 4 kwa 4. Lina uzito wa kilo 35 hivi, watu wawili wanalibeba. Lisage kingo zisikate miguu, na inua kazi yako juu ya matofali au stendi juu ya bamba hilo. Wewe mwenyewe usisimame juu yake unapochomelea. Chuma kinapitisha umeme, na ukiwa na jasho au viatu vimelowa bamba hilo linakuwa njia ya stima kupitia mwilini mwako. Simama pembeni, kwenye ubao mkavu, na viatu vya ngozi vyenye soli ya mpira. Kabla ya cheche ya kwanza, pikipiki itoke nje, na kopo la petroli pamoja na vumbi la mbao la useremala vitoke pia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni usikoutazama, na katika mita 6 hakuna umbali wa kutosha.

Mahali pa kumwagia oili, weka karai pana na bamba la bati chini yake. Oili chafu iweke kwenye dumu ulipeleke kwenye gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya. Betri ziweke juu ya trei ya plastiki, kwa sababu asidi yake hula simiti, siliketi au hapana. Ikimwagika, nyunyizia magadi, hayahaya ya kupikia mboga, mpaka povu likome, kisha osha.

Msumari ukikuonyesha kwamba skridi imeoza mpaka ndani, au nyundo ikakupa mlio wa debe karibu kila mahali, usipoteze siliketi. Hapo kuna kazi moja tu ya kudumu, nayo pia inatibu unyevu: ng'oa skridi iliyolegea, tandika nailoni ya geji 1000 iliyopandishwa ukutani na kulaliana sentimita 30 kwenye viungo, weka wavu wa chuma wa BRC, na mwaga zege jipya la sentimita 10 kwa uwiano wa moja, mbili, nne. Kwa eneo lako ni mita za ujazo 2.1, yaani mifuko 13 au 14 ya simiti. Chukua ya daraja la nguvu la 42.5. Kata kiungo katikati ya urefu, ili kila nusu iwe na urefu wa mita tatu. Funika kwa magunia na yalowe siku saba. Pima mlango kwanza, kwani sakafu itapanda. Ukifika hapo ndipo epoksi inaweza kuzungumziwa, na si kabla ya siku 28.

Kuna hali ambazo maandishi hayatoshi na lazima mtu aje aone. Nyufa ndogo nyembamba kama unywele ni za kawaida. Lakini weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za kila ufa mkubwa, andika tarehe na upana, na upime tena baada ya masika na baada ya kiangazi. Ufa unaofunguka na kufungika kwa misimu usiuzibe kwa simiti. Tumia silanti ya poliyurethani inayonyumbulika. Ufa unaozidi kupanuka tu, ambao upande mmoja umepanda kuliko mwingine, unaoendelea mpaka ukutani, au unaoambatana na mlango kuanza kukwama, unahusu msingi wa nyumba. Mwite mhandisi wa ujenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya na umwonyeshe zile tarehe zako. Nakuru, ambako mipasuko ya ardhi hufunguka baada ya mvua kubwa kwenye udongo wa majivu ya volkeno, ufa mrefu ulionyooka unaotoka uani na kupita chini ya gereji usisubiri msimu wa pili. Toa gari, usiegeshe hapo tena, na aje mtu wiki hiyohiyo.